Kasha la Safari Lililotufikisha Kwihara



Wengi mnaokuja dukani kupimwa nguo mmeshatuuliza: lile kasha la safari la bi harusi mbona limebadilika? Vile vikopo vizuri vya kioo vimekwenda wapi, mbona siku hizi ni vya plastiki vya kawaida, na uzito umeandikwa kwa kalamu? Leo tunaeleza. Tunaanzia mbali kidogo, mtuvumilie.

Sisi ni wawili, mtu na wifi yake. Tulimaliza skuli kidato cha nne, tukasoma ushonaji, na huu ni mwaka wa kumi na moja tunashona nguo za harusi hapa Unguja. Kazi hii ina kukaa sana na kuinama sana. Kwa hiyo mwaka juzi, tulipoona kwenye simu tangazo la kasha la kila mwezi la kujipamba, kila mwezi "unasafirishwa" nchi moja, tulijiambia na sisi tujipende kidogo. Shilingi 45,000 kwa mwezi, miezi sita unalipa mara moja. Tukachangishana 270,000. Jina la wauzaji hatulitaji, na wala si lengo letu.

Mwezi wa kwanza tulikwenda Moroko. Wallahi kasha lilikuwa zuri! Utepe wa dhahabu, karatasi za rangi, kadi yenye picha ya soko. Ndani mlikuwa na sabuni nyeusi ya zeituni, ile wanayojipaka hamamuni kabla ya kusuguliwa kwa glavu ngumu, na mafuta ya argani, na tende nne. Sabuni tulijaribu siku ya Alhamisi usiku, ngozi ikawa kama ya mtoto. Alhamisi ya pili imekwisha. Tulipolitia kopo mwangani tukaona kioo cha chini kina unene wa vidole viwili.

Mwezi wa pili Uturuki: maji ya waridi, ambayo tunayasifu mpaka leo, na peremende laini ambazo hatukuzila kwa sababu lebo iliandika jelatini bila kusema ya mnyama gani. (Mabinti, someni lebo. Halua ya Kituruki ya asili hugandishwa kwa wanga, ile haina neno.)

Mwezi wa tatu tukafungua kasha tukaangaliana. Tumesafirishwa Zanzibar! Karafuu kumi na mbili katika kijifuko cha hariri, kipande cha sabuni ya mwani kama zile za kina mama wa Paje, na vanila. Tulikuwa tumekaa hatua chache kutoka Darajani, tumelipa 45,000 kupelekwa Darajani. Tulicheka hadi fundi cherahani wa mlango wa pili akaja kuuliza kuna nini.

Mwezi wa nne halikuja kasha. Wala wa tano. Simu ikawa haipokelewi.

Lakini wazo tulilipenda, na mfanyabiashara haachi wazo barabarani. Tukasema, hili ni jambo letu kabisa. Bi harusi wa kwetu tangu zamani hupelekewa sanduku: khanga, udi, manukato, liwa. Tofauti ni kwamba hili litakuja mara tatu, miezi mitatu kabla ya harusi, na kila mwezi litamsafirisha pale ambapo bahari yetu imefika kweli. Mwezi wa kwanza Pemba: singo, mafuta ya karafuu na kashata. Wa pili Komoro: mafuta ya mlangilangi, na liwa ya kujipaka usoni kama wafanyavyo wenzetu wa kule. Wa tatu Omani: ubani wa Dhofar, udi, na halua. Shilingi 60,000 kwa kila kasha. Singo tunasaga wenyewe, asmini tunanunua alfajiri.

Vikopo tulivifuata Kariakoo. Na hapa ndipo penye hadithi yenyewe. Muuzaji alituwekea vya aina mbili. Vya kawaida, na vya kioo kizito chenye ukuta mara mbili, nje unaona kopo la gramu mia, ndani linaingia arubaini. Tulichagua vya pili. Tulisema vinapendeza kwenye picha. Ni kweli vinapendeza. Lakini kwa nini vilitupendeza na hesabu yetu ya faida, hilo hatukulisema kwa sauti.

Wakaja mabibi harusi tisa, alhamdulillah. Wa tisa alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mama yake mzaliwa wa Unguja, na harusi inafanyika kwa bibi yake, Kwihara. Akaagiza makasha na nguo ya akdi pamoja, akatuomba tuilete wenyewe tumpime, maana nguo ya kushonwa mbali ina mambo yake. Tukakubali. Kaka yetu akatusindikiza. Boti hadi Dar es Salaam, treni ya umeme hadi Dodoma, kisha basi kupitia Manyoni na Itigi, msitu wa miombo huku na huku mpaka unachoka kuangalia, na mizinga ya nyuki imetundikwa juu ya miti. Kasha la kwanza lilikuwa mapajani mwetu njia nzima lisije likavunjika.

Kwihara ni mwendo wa kilomita chache tu kutoka Tabora mjini, kijijini kwenye miembe mikubwa. Tukamwamkia bibi, akaitikia marahaba, kisha akatufundisha kusema mwangaluka. Tukapewa maji ya kuoga, tukapewa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa mpaka vinakuwa kama ngozi tamu, na wapo wasemao jina la Tabora limetokana navyo. Kisha bi harusi akalifungua kasha mbele ya wanawake wa nyumba.

Vigelegele. Picha. Bibi akaomba kopo la singo alinuse. Akalinusa, akasifu. Akalipima mkononi. Akatia kidole cha shahada ndani, na kidole kikagota. Akakitoa, akakitia nje ya kopo, akalinganisha. Chumba kizima kilikuwa kinaangalia.

"Wajukuu zangu," akasema kwa upole kabisa, "hili kopo lina tumbo, lakini halina mimba."

Wanawake wakacheka, na sisi tukacheka, nini tena tungefanya? Bi harusi aliona haya kuliko sisi. Akasema bibi ana utani sana. Usiku hatukulala.

Asubuhi mjomba wa bi harusi, mwalimu mstaafu wa historia, akatuchukua kwenda kuona tembe la Livingstone, lipo palepale Kwihara, siku hizi ni makumbusho. Tulikwenda kwa heshima tu, akili yetu ilikuwa kwenye kopo. Ni nyumba ndefu ya udongo yenye paa la bapa na ua katikati, ya wafanyabiashara wa Kiarabu wa wakati ule, na mlango wake wa kuchonga ukatutia huzuni ya kwetu, kama umeng'olewa Mji Mkongwe.

Mwalimu akatusimulia kwamba Stanley na Livingstone walifika hapa pamoja tarehe 18 Februari 1872, wakitokea Ujiji. Livingstone alikuwa mtu aliyeishiwa kila kitu. Mizigo aliyotumiwa Ujiji kutoka Unguja aliikuta imeshauzwa na mtu aliyekabidhiwa. Yule bwana alijitetea kwamba alipiga fali kwa Kurani akaona mwenye mali amekufa! Tuliposikia hivyo tulisema astaghfirullah kwa pamoja. Amana ya mtu, na Kitabu kikafanywa kisingizio.

Lakini Kwihara yalikuwako makasha mengine, yaliyotumwa na marafiki zake wa Ulaya. Wakayafungua humu ndani kwa nyundo na patasi. Na Stanley, katika kitabu chake cha mwaka huohuo wa 1872, ameandika walichokikuta. Walikuwa na hamu ya vitu vitamu. Wakakuta vijikopo vya nyama ambavyo alivifananisha na kastabini. Sisi mafundi cherahani tunaijua kastabini, ni kofia ya kidole. Wakakuta jibini limekuwa gumu kama tofali. Na wakakuta mitungi ya jamu ya mawe, kila mmoja una uzito wa ratili moja, wakaifungua, na ndani ya kila mmoja mlikuwa na jamu ya kujaza kijiko cha chai na ziada kidogo.

Wifi alinishika mkono. Mwalimu hakujua lolote la kopo la jana, maana wanaume hawakuwamo chumbani. Aliendelea kueleza tu, kwamba mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama ratili sabini, na kutoka Bagamoyo hadi hapa ni karibu miezi mitatu kwa miguu. Yaani mtu wa Unyamwezi alibeba mawe kichwani miezi mitatu ili mzungu apate kijiko cha jamu. Kwa haki yake, kasha jingine lilikuwa na viatu imara na mashati, na mzee alifurahi sana. Mwezi wa tatu Stanley akarudi pwani, Livingstone akabaki hapa akisubiri watu wa kumchukulia mizigo mpaka tarehe 25 Agosti.

Akarudishwa Oktoba 1873, maiti. Chuma na Susi na wenzao walikuwa wameukausha mwili kwa jua, wakauviringisha kwa nguo ya pamba na gome la mti, na juu wakaushonea kitambaa cha tanga. Waingereza waliokuwapo Kwihara waliwashauri wauzike hapahapa. Wakakataa. Wakaubeba mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Tuliposikia kitambaa cha tanga tulijiuliza walitumia sindano gani na mshono gani, maana tanga ni gumu.

Tuliporudi nyumbani tulibishana, kwa kunong'ona. Wifi alisema hatujamdanganya mtu, hatukuandika uzito popote. Ndiyo, lakini kwa nini hatukuandika? Suratul Mutaffifin tumeihifadhi tangu chuoni, na hatukuwahi kudhani inatuhusu, sisi ambao hatuuzi mchele. Wifi akanyamaza, kisha akasema neno ambalo lilinimaliza: kwamba wale waliotudhulumu Moroko wametufundisha kazi, na sisi tumekuwa wanafunzi hodari.

Tukaenda kwa bibi. Tukamwambia yote, Kariakoo, gramu arubaini, yote. Alikuwa anachambua karanga na hakuacha. Akasema, "Nilijua. Vidole vya mkulima ni mizani." Akatuuliza wako wangapi. Tukasema tisa. Akasema basi tuna kazi.

Tulimweleza pia wazo tulilokuwa nalo la kasha jipya, la asali ya Tabora na nta na karanga na matobolwa, tuliite Msafara. Hapo ndipo aliacha karanga. "Msafara upi? Wa waliobeba kwa ujira au wa waliofungwa shingo?" Babu zake walikuwa wapagazi, akasema kwa fahari. Lakini njia ileile ilipita pembe na watu wa kuuzwa, na miembe hii imeona wote wawili. Kasha la asali tumelifanya baadaye, inshallah mtalipenda, nta ikichanganywa na mafuta ya nazi ni dawa ya midomo na visigino. Linaitwa Asali ya Tabora, basi.

Tulipofika Unguja tuliwapigia simu mabibi harusi wote tisa. Simu ya kwanza ndiyo iliyokuwa ngumu. Wawili walikuwa wameshaolewa, mmoja wao akatusamehe akakataa kupokea, mwingine akasema leteni mara moja, na ana haki. Tukasaga singo upya, tukapeleka gramu sitini kwa kila mmoja, na liwa iliyopungua. Ilitugharimu 312,000 na mwezi ule hatukupata faida, tukashona mashungi ya skuli kufidia. Vikopo vya kioo vilivyobaki tunatilia vifungo na pini. Vinapendeza.

Kasha la pili la Kwihara, la Komoro, tulilituma kwa basi katika vikopo vya plastiki, na juu ya kila kimoja tukaandika uzito kwa kalamu ya wino. Siku ya nne bibi akapiga. Alikuwa ameazima mizani ya dukani.

"Liwa imezidi gramu nne," akasema.

Tukamwambia hizo ni za kopo lenyewe, bibi.

"Kopo nilishalitoa," akasema. "Nawauliza, nizirudishe kwa basi gani?"