Nilisema Amina

Mdogo wangu aliugua karibu miaka miwili kabla hatujajua jina la ugonjwa wake. Asubuhi vidole vilivimba hata akashindwa kufunga kitenge. Nywele zilikatika, na kila aliposhinda juani shambani, vipele vilitanda puani na mashavuni. Alitibiwa malaria mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, maana kwetu Muleba homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Hospitali ya tatu ndiyo iliyosema: ni lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kuushambulia mwili wenyewe.

Jina hilo halikuwatuliza ndugu. Mama yetu mdogo alikufa akiwa kijana, na wazee wakakumbuka kwamba naye alivimba viungo na kukatika nywele. Wakaunganisha mambo: hii ni laana ya ukoo, nayo imetokea upande wa mama. Akaitwa mtumishi mmoja afanye maombi ya kuvunja laana.

Mimi ndiye mchungaji katika familia, na siku hiyo nilikuwepo. Mtumishi alimtaka mama akiri mlango alioufungua. Mama alifikiri sana. Mwishowe akasema huenda ni kwa sababu akiwa na miaka sita bibi yake alimshika mkono akampeleka kwenye kibanda cha mizimu. Mama yangu, aliyeimba kwaya ya usharika miaka zaidi ya thelathini, alipiga magoti mbele ya majirani akamwomba binti yake msamaha kwa kumwambukiza laana. Mtumishi akaomba kwa sauti kuu. Nami nilisema Amina.

Tena si kwamba sikujua. Nilipokuwa Makumira niliandika insha ndefu juu ya Yohana sura ya 9, habari ya yule aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi wanauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Bwana anakataa yote mawili. Nilichambua Kiyunani chake neno kwa neno na nikapata alama nzuri. Sebuleni kwa mama, elimu yote ile ilinyamaza, kwa sababu niliwaogopa wajomba.

Kilichonirudisha kwenye jambo hili ni woga mwingine. Nina binti wa miaka 14, na nilikuwa nimesikia kwamba lupasi hutembea katika familia. Nilipomsindikiza mdogo wangu kliniki nilimwuliza daktari kama binti yangu anaweza kupimwa vinasaba tujue mapema.

Daktari aliweka kalamu chini. Alisema hakuna jeni moja ya lupasi. Watafiti wamekwisha kutambua zaidi ya sehemu 100 katika vinasaba zinazohusiana nayo, na karibu zote huongeza hatari kidogo kidogo tu. Watu wengi wanazo na hawataugua maisha yao yote. Hata kwa mapacha wa kufanana, waliorithi vinasaba vilevile, mara nyingi mmoja huugua na mwenzake akabaki mzima. Kuna homoni, maana kati ya wagonjwa 10 karibu 9 ni wanawake, kuna jua, kuna virusi, na kuna mengine. Kwa hiyo kipimo hicho kisingeniambia nilichotaka kujua. Kama binti ataanza kuvimba viungo au kutoka vipele, alisema, mlete mapema.

Kisha akaniambia jambo ambalo sijaacha kulifikiri. Ipo jeni iitwayo FCGR2B, ambayo kazi yake ni kama breki ya kinga ya mwili. Watu wengine wamerithi toleo lake ambalo breki ni dhaifu. Mwaka 2010 watafiti walichapisha habari kwamba toleo hilo huongeza hatari ya lupasi. Lakini kwa watoto wa Kenya waliolirithi kwa baba na kwa mama pia, lilionekana kuwakinga na malaria kali. Kinga isiyo na breki humpiga mdudu wa malaria kwa nguvu. Nguvu hiyohiyo, kwa mtu mwingine, huja ikampiga mwenyewe. Daktari alikuwa mwangalifu kusema hajui kama sisi tunalo.

Nikatazama dawa ya mdogo wangu, haidroksiklorokwini. Ni ndugu wa ile klorokwini tuliyomezeshwa utotoni, iliyotuwasha mwili usiku kucha mpaka tukajikuna kwa magunzi.

Sisemi tusiombee wagonjwa. Naombea kila juma, na mdogo wangu nitamwombea mpaka mmoja wetu azikwe. Ninachosema ni kwamba siku ile tulimtwika mama mzigo tulioukuta barabarani, tukauita toba.

Nilikwenda nyumbani Jumamosi. Nilimkuta mama jikoni, nikakaa kwenye kigoda, nikamwomba msamaha kwa ile Amina. Halafu nikamweleza yote, breki na malaria na watoto wa Kenya, kwa Kihaya, nikikwama hapa na pale kwa kukosa maneno. Alisikiliza bila kuacha kazi.

"Kwa hiyo si kibanda cha bibi."

"Si kibanda, Mama."

Alinyamaza kitambo. Nilidhani atalia, au atashukuru. Akauliza, "Na Elia?"

Elia alikuwa kaka yangu. Malaria ilimchukua akiwa na miaka minne, kabla sijazaliwa. Kwetu hatajwi mara nyingi.

"Yeye hakuipata hiyo kinga?"

"Sijui, Mama."

"Wote nimewazaa mimi," alisema.

Sikuwa na la kujibu. Nilichukua kisu cha pili, nikaanza kumenya ndizi pamoja naye.