Dakika 26 za aibu: jamaa alichekwa kwa kushindwa Cuphead, ila waliomcheka nao wamechemka

Agosti 2017, Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya gemu. Mwandishi mmoja wa Marekani, mkongwe kabisa wa habari za teknolojia, anapewa kujaribu gemu ambalo bado halijatoka. Cuphead. Dogo mwenye kichwa cha kikombe, mrija umechomoza juu, risasi zinatoka kidoleni.

Kwenye sehemu ya mafunzo, pale unapofundishwa vitufe tu, kuna nguzo. Unatakiwa uruke, halafu ukiwa hewani uchomoke mbele. Maelekezo yapo palepale kwenye skrini. Jamaa akaruka, akagonga. Akarudia, akagonga. Akarudia tena na tena mpaka anayeangalia anatamani amnyang'anye pedi.

Video ya dakika 26 ikapanda mtandaoni, na mwenyewe aliiita ya aibu, yaani alikuwa anajicheka. Hatua ya kwanza hakuimaliza. Watu hawakutaka utani. Wakamrukia: huyu ndiye anatuambia gemu lipi kali?

Gemu likatoka Septemba 29 mwaka huohuo na wakosoaji wakalimwagia sifa. Haki yake. Ndugu wawili wa Kanada waliweka nyumba zao rehani ili limalizike, michoro yote ya wahusika imechorwa kwa mkono, fremu moja moja, kama katuni za miaka ya 1930. Linapendeza kinoma. Halafu linakuua.

Unaanza na uhai wa kugongwa mara tatu tu. Ukifa, unaonyeshwa mstari wa ulipofika kabla bosi hajaanguka, na mara nyingi ulibakiza padogo kweli. Ndiyo maana mtu anarudia saa saba usiku wakati kesho ana kazi. Hapo hakuna uonevu, umekosea mwenyewe na unajua ulipokosea.

Zile hatua za kukimbia na kufyatua ndizo dhaifu. Mwanzoni gemu lilikuwa la mabosi tu, hizi zikaongezwa baadaye, na inaonekana. Adui anatokea pembeni ghafla, unakufa, unakariri, unaendelea. Mabosi wana vituko, hizi zina usumbufu.

Lakini malalamiko yenye uzito ni haya mengine. Kuna namna rahisi ya kucheza. Ukimpiga bosi kwa namna hiyo, hupewi mkataba wa roho yake, na bila mikataba yote humfikii Shetani mwishoni. Maana yake aliyelipa bei ileile kama wewe, ila vidole vyake ni vizito, au mkono mmoja una shida, anafungiwa mlango wa michoro ambayo watu waliiwekea nyumba rehani. Kwani angeruhusiwa kuona mwisho, ushindi wa fundi ungepungua nini?

Waliomponda yule mwandishi walisema asiyejua kucheza asitoe maoni. Sawa, asipige kelele kuhusu mbinu za bosi wa mwisho. Ila mtu aliyechanga hela miezi miwili anunue gemu moja, naye hana kasi, anahitaji kumsikia aliyekwama kwenye nguzo kuliko fundi anayesema "mbona jepesi".

Nguzo yenyewe bado ipo. Wapo wanaogonga leo, tofauti ni kwamba wao hawajirekodi.