Udi Safarini: Toka Amana Hadi Bima

Udi mzuri kwa kawaida hauzidi kilo moja. Fundi anayeuunda huparuza mbao za uso wake mpaka zibaki na unene wa milimita mbili au chini ya hapo, kwa sababu sauti yote imo katika wepesi huo. Hili nililijua tangu utotoni, katika karakana ya baba yangu Vikokotoni, Unguja, zilikoletwa udi na fidla za vikundi vya taarabu zikiwa zimeumia. Nilipoanza kuuza ala kwa watu wa nchi za mbali ndipo nilipoutazama uzito huo kwa jicho jingine, maana nyuma ya hati ya mzigo wa ndege, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba kitu kinachopotea hulipwa kwa kilo.

Zamani udi haukuwa na hati. Tangu enzi za Sultani Barghash, aliyempeleka Mohammed Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni, ala zetu zilifika Unguja mikononi mwa watu. Aliyekwenda Kairo alipita Mtaa wa Mohammed Ali, wenye maduka ya ala, akanunua alichoagizwa na kurudi nacho. Baadaye njia ikageuka. Baada ya mapinduzi ya 1964 jamaa wengi walihamia Oman, hasa kuanzia 1970 Sultan Qaboos aliposhika nchi na kuwafungulia milango, na huko Maskati waliendelea kupenda taarabu. Kufikia miaka ya 1980 baba alikuwa akipata barua za watu wanaotaka udi wa zamani, ule wa Misri uliokwisha kulainika kwa kupigwa.

Bei ikishakubaliwa, swali la kwanza lilikuwa moja tu: nani anakwenda? Hatukuuliza ndege gani wala gharama gani. Baba alitafuta msafiri anayemjua kwao, anayemjua na babake, akamkabidhi udi ndani ya mfuko wa kitambaa uliotiwa pamba, pamoja na kikaratasi chenye jina la mpokeaji na mtaa wake. Pesa zilipita kwa mwenye duka aliyekuwa na ndugu yake upande wa pili. Hakuna aliyetia saini popote. Dhamana ilikuwa jina la mtu, na jina lilikuwa na nguvu kuliko risiti nyingi nilizoshika baadaye.

Nasikia watu wakizisifu siku hizo, na ninawaelewa. Lakini nilikuwapo mambo yalipoharibika. Msafiri mmoja, rafiki mkubwa wa baba, alikatazwa kuingia na udi ndani ya ndege. Ikambidi autie kwenye mizigo ya chini. Kichwa cha udi, penye vigingi vya kukazia nyuzi, kimekunjwa kuelekea nyuma karibu pembe mraba, na kiungo hicho ndicho mahali pake dhaifu kupita pote. Ulipofika Maskati kilikuwa kimekatika. Mnunuzi alinyamaza wiki nyingi, kisha akaandika barua ya heshima sana akiuliza afanyeje.

Hapo ndipo amana ilipoonyesha upungufu wake. Msafiri hakuchukua hata senti kwa kazi ile. Angelipaje kitu kinachozidi mshahara wake wa miezi mingi? Mnunuzi alishalipa kila kitu. Baba alirudisha sehemu ya pesa, na udi ukaunganishwa hukohuko na fundi ambaye hatukumjua. Hawakutoleana neno baya. Yule rafiki alianza tu kupita njia nyingine, na kahawa ya jioni barazani kwetu ikawa inanywewa bila yeye. Tangu hapo siamini kwamba amana ilikuwa bure. Ilimbebesha mtu mmoja deni ambalo hakuwahi kuambiwa kuwa amelichukua.

Miaka iliyofuata tulihangaika huku na huku. Tulijaribu vifurushi vya posta, tukajaribu mizigo ya ndege. Bima ilikuwapo muda mrefu: Unguja ina shirika lake tangu 1969, na bara soko lilifunguliwa kwa kampuni binafsi kwa sheria ya 1996. Ila mawakala wa wakati huo walizoea magari, nyumba na magunia ya karafuu. Ukimwambia wakala unataka kukata bima ya ala ya muziki, alikuuliza risiti ya dukani. Udi ulionunuliwa Kairo kabla hujazaliwa hauna risiti ya dukani.

Mambo yalianza kubadilika kilipoanzishwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika jengo la forodha ya zamani pale Mizingani. Walikuja wanafunzi na wageni kutoka Ulaya na kwingineko, wakakaa chini ya walimu wetu, wakarudi makwao na hamu ya udi. Picha zikaanza kwenda kwa simu. Mnunuzi sasa alikuwa mtu nisiyemjua kwao wala ukoo wake, naye hanijui, na hapakuwa na msafiri wa kutuunganisha. Ilibidi nijifunze karatasi.

Jambo la kwanza nililojifunza lilinishtua. Mkataba wa Warsaw wa 1929 uliweka kikomo cha fidia ya mizigo ya ndege kwa uzito, na hati za zamani ziliandika waziwazi dola 20 kwa kilo. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imo, ulifuata msingi uleule kwa kipimo cha SDR, ile hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa: 17 kwa kilo hapo mwanzo, 19 kuanzia mwishoni mwa 2009, 22 kuanzia Desemba 28, 2019, na 26 kuanzia Desemba 28, 2024. SDR moja ni dola moja na senti thelathini au arobaini hivi. Chukua udi ndani ya kasha lake, ndani ya boksi, jumla kilo sita. Kwa kikomo cha 22, kilichotumika hadi mwishoni mwa 2024, ukipotea wote mwenye ndege alidaiwa SDR 132, chini ya dola mia mbili. Hata kama aliyeuunda ni mmoja wa mafundi wa ukoo wa Nahat wa Damascus, ambao udi zao huuzwa kwa maelfu ya dola, hesabu haibadiliki. Mkataba unaruhusu mtumaji kutangaza thamani maalumu mapema na kulipia ziada. Asipotangaza, kilo ndizo zinazosema.

Udi ulionifundisha mengi zaidi ulikuwa wa mpigaji mmoja aliyefariki, kazi ya Misri, mgongo wa vibanzi vyeusi na vyekundu vikipokezana. Mjane wake aliamua kuuza ili asomeshe wajukuu. Mnunuzi alikuwa mwanamuziki wa Hamburg aliyewahi kuusikia hapa Unguja marehemu akiwa hai. Mazungumzo yalianza 2018, na tukakwama mlangoni kabisa, kwa sababu ya vigingi.

Vilikuwa vya mpingo. Kuanzia Januari 2, 2017, CITES, mkataba unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ulikuwa umeiingiza jamii nzima ya Dalbergia katika orodha yake ya pili, na mpingo wetu, mti wa taifa, umo katika jamii hiyo. Mpigaji aliyesafiri na ala yake mwenyewe hakusumbuliwa, maana mzigo usio wa biashara usiozidi kilo kumi ulisamehewa. Wetu ulikuwa wa biashara, ungehitaji kibali cha kutoka na mapokezi yake kule Ulaya, kwa ajili ya vipande vya mti visivyojaza kiganja. Nia ya mkataba naiheshimu. Nimeona magogo ya mpingo yalivyopungua unene mwaka hadi mwaka. Ila mti haukuwa ukimalizwa na udi wa zamani. Nchi wanachama nazo zililiona hilo, na kuanzia Novemba 26, 2019 ala zilizokamilika, vipuri vyake na vifaa vyake vikatolewa katika sharti hilo kwa miti ya jamii hiyo iliyo kwenye orodha ya pili. Mti wa Brazil wa jamii hiyo ulibaki na ulinzi mkali ulio nao tangu 1992. Kisha ikaja korona, ndege zikasimama, na udi ukaendelea kulala chini ya kitanda cha mjane.

Muda huo niliutumia kuukagua. Nakshi nyeupe za kandokando ya uso zilinitia wasiwasi, kwa kuwa biashara ya pembe za ndovu kati ya nchi na nchi ilifungwa tangu 1990. Nilichukua lenzi ya sonara na taa, nikatazama ncha ya kipande kilichokatwa kukingama. Pembe ya ndovu huonyesha mistari myembamba inayokatana kwa kupishana. Mfupa huonyesha vitundu vidogo vyeusi, njia za damu ya mnyama. Vitundu vilikuwapo. Mfupa. Ila risha ya marehemu, ile aliyopigia, ilikuwa ya gamba la ng'amba, kahawia yenye mawingu ya manjano. Hiyo niliitoa kwenye kasha na kumrudishia mjane, kwa sababu ng'amba ana ulinzi wa juu kabisa na risha ile ingeweza kuuzuia udi mzima forodhani. Aliipokea kwa mikono miwili. Nadhani alifurahi kwamba kuna kilichobaki.

Kisha bima. Safari hii wakala alinisikiliza, kwani nilikwenda na jalada: picha za kila upande, picha za kila ufa wa zamani uliozibwa, vipimo, orodha ya mbao, na barua ya tathmini ya mtaalamu. Nilitaka thamani ikubaliwe mwanzoni, ili likitokea la kutokea tusianze kubishana udi ulikuwa na bei gani. Masharti ya bima ya mizigo yanayotumika nchi nyingi yametungwa London, toleo la sasa ni la 2009, na hata yale yanayoitwa ya hatari zote yana mambo yasiyoyalipa: ufungaji usiotosha, uchelewaji, na udhaifu wa asili wa kitu chenyewe. Hilo la mwisho ni zito kwa ala. Mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake, karibu isibadilike kwa urefu, kwa hiyo uso wa udi uliozoea unyevu wa pwani ukiingia chumba chenye joto la mashine, wakati wa baridi, hupasuka kufuata mishipa ya mti. Kampuni ya bima itasema ni tabia ya mti. Na kweli ni tabia yake.

Nilimweleza mjane haya yote. Akauliza, "Mwanangu, ukivunjika, hiyo bima inanirudishia udi?"

"Hapana, Bi mkubwa. Inarudisha pesa."

"Basi ufunge vizuri."

Nilifunga. Nyuzi nililegeza sauti moja na nusu hivi, nisizifungue kabisa, ili uso usiachwe ghafla bila mvuto ulioubeba miaka yote. Kati ya nyuzi na shingo niliweka kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi. Ndani ya kasha niliegemeza shingo na mgongo kwa sponji ngumu, kichwa nikakiacha kielee bila kugusa chochote, maana kikiegemea kitu, pigo lolote la nje hufika kwenye kile kiungo. Kasha likaingia boksi, boksi likaingia boksi kubwa zaidi lenye nafasi ya vidole vinne kila upande. Nililitikisa nikasikiliza. Kila hatua niliipiga picha, kwa sababu neno "ufungaji usiotosha" hujibiwa kwa picha. Na nilisubiri mpaka asubuhi ndipo tukaupeleka. Gundi ya ngozi waliyotumia mafundi wa zamani hulegea kwa joto na unyevu, na gari lililosimama juani mchana huweza kuutenganisha udi na shingo yake.

Hamburg ulifika mzima. Nilikuwa nimemwandikia mnunuzi aache boksi chumbani siku nzima bila kulifungua, na nikamkumbusha kwamba madai ya mzigo ulioharibika yana siku 14 tangu kupokelewa. Majira ya baridi ya kwanza ulijitokeza ufa mwembamba mno karibu na ua la katikati ya uso. Aliutengeneza kwa pesa zake na hakulalamika, kwa kuwa onyo hilo lilikuwamo ndani ya jalada, kwa maandishi, kabla hajalipa.

Siku hizi kila udi unaoingia karakana natengeneza jalada lake, hata kama mwenyewe hakusudii kuuuza. Ada silipishi. Familia nyingi zina udi wa babu ukutani ambao hakuna karatasi hata moja inayosema ni nini, na siku ya shida huuzwa kwa bei ya kuni.

Kwa sasa ninao mmoja unaokwenda Maskati. Mnunuzi ni mjukuu wa mtu aliyewahi kununua kwa baba yangu, na amesisitiza kwamba mpwa wake anakuja likizo, arudi nao mkononi kama ilivyokuwa zamani. Nimekubali, kwa masharti mawili. Kijana aombe kibali cha kuingia nao ndani ya ndege kabla ya kukata tiketi, na bima ianze udi ukivuka mlango wangu, ikiwa na jina la mnunuzi, ili kijana asidaiwe chochote. Mnunuzi alisita kidogo. Aliona kama namtilia shaka mpwa wake. Nilimsimulia habari za yule rafiki wa baba. Jana ametuma ada ya bima.