Kunguru wa Mombasa na Akili za Watu

Msafiri atokaye bara, akishuka katika stesheni ya Miritini na kuvuka Makupa kuingia kisiwa cha Mombasa, hutazamia kulakiwa na upepo wa bahari na harufu ya chumvi. Yote mawili huyapata. Lakini kabla hajafika nyumbani kwa mwenyeji wake hulakiwa na jambo la tatu asilolitazamia, nalo ni kelele za kunguru. Wamo juu ya mapaa ya mabati, juu ya nguzo za umeme, juu ya miembe na mikungu, na wengine hutembea barabarani katikati ya watu kwa madaha, kana kwamba mji ni wao na wanadamu ndio wageni.

Huyu si yule kunguru mwenye kifua cheupe ajulikanaye sana na watu wa bara. Wa Mombasa ni mwembamba zaidi, mweusi mwili mzima isipokuwa shingo na kifua, ambavyo vina rangi ya majivu. Asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani zake, na tabia yake kubwa ni kwamba hakai mwituni. Penye watu ndipo alipo. Pasipo watu hana haja napo.

Mtu akitaka kumjua ndege huyu, yafaa amfuate siku moja tangu alfajiri. Mara baada ya adhana ya kwanza, kungali giza, makundi yake hutoka mitini walikolala na kutawanyika pande zote za mji. Wengine hwenda pwani ya Mji wa Kale kuwangoja wavuvi, kwa maana wanajua kwamba mashua ikifika na samaki wakaanza kuparwa, matumbo na vichwa vitatupwa. Wengine hwenda Marikiti, mahali panapochinjwa kuku na kumenywa maembe. Saa nne, wanafunzi wanapotoka darasani kula vitafunio vyao, kunguru wamekwisha kupanga safu juu ya ukuta wa shule. Jioni wako kivukoni Likoni, wakimtazama kila mtu aliyeshika mhogo wa kukaanga. Jua linapokuchwa hurudi kwa maelfu katika miti yao, wakapiga kelele zao za mwisho, wakalala. Hawana saa mkononi, wala hawachelewi.

Husimuliwa pwani habari ya kijana mmoja aliyefika ufuoni akingali na usingizi machoni, akaona kunguru amenyakua dagaa katika kikapu. Akaokota jiwe amtupie, akasema, “Ndege mwizi huyu, hataki kazi!” Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu karibu yake akamjibu, “Mwanangu, mwizi ni kweli. Lakini mvivu, la. Alipofika hapa mimi nilimwona, na wewe ulikuwa umelala.” Kijana hakuwa na neno la kusema, akaliacha jiwe lianguke mchangani.

Maneno ya mzee yule yanastahili kufikiriwa. Watu wengi huona kwamba kunguru hula bila kulima, nao hudhani kuwa ujanja wake ni namna ya uvivu. Ndivyo wanavyowahukumu hata wanadamu: mtu akipata njia nyepesi ya kufanya kazi huambiwa kuwa anaikimbia kazi, na mvivu naye, akiikimbia kazi kweli, hujisifu kwamba ana akili. Mambo haya mawili hufanana usoni kama ndugu, maana yote mawili hutaka jasho lipungue. Lakini si ndugu, na kunguru mwenyewe ndiye awezaye kuwatenganisha.

Mtazame anapookota mkate mkavu uliotupwa. Akiona ni mgumu hupata dimbwi la maji, akauloweka, akangoja, ndipo akala. Mtazame tena anapojenga. Mjini vijiti ni haba, kwa hiyo hukusanya vipande vya waya, akavisuka pamoja na vijiti mpaka tundu lake likashika barabara juu ya mti au juu ya nguzo ya umeme. Kazi hiyo humpa taabu ya siku nyingi.

Habari hii ya waya inamkumbusha mtu jambo lililotendeka mbali sana na Mombasa, katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Huko wataalamu waliwaweka kunguru wawili wa aina nyingine, watokao visiwa vya New Caledonia katika Bahari ya Pasifiki. Dume aliitwa Abel na jike aliitwa Betty. Kipande cha nyama kilitiwa katika ndoo ndogo yenye mkono, na ndoo ikashushwa ndani ya bomba lililosimama wima, mahali pasipofikiwa na mdomo wa ndege. Ndege waliwekewa waya mbili, moja iliyopindwa kama ndoana na moja iliyonyooka, ili ionekane watachagua ipi. Siku moja Abel aliichukua ile iliyopindwa, akaenda nayo. Betty akabaki na iliyonyooka, isiyofaa kitu. Hakukaa kulalamika. Aliikwamiza ncha yake, akaivuta kwa mdomo mpaka ikapinda, akaitia katika bomba, akaipandisha ndoo. Wataalamu walipomjaribu tena kwa waya zilizonyooka tu, katika majaribio 10 aliyofanya alifaulu mara 9 kwa kuzipinda. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2002, ikasomwa duniani kote. Mwaka 2016 ikajulikana kwamba kunguru wa aina yake hupinda vijiti hata wakiwa mwituni, kwa hiyo huenda Betty hakubuni jambo jipya kabisa. Lakini aliutumia ujuzi wa vijiti katika waya, tena kwa wakati uliofaa.

Basi tofauti imekwisha kuonekana. Aliyepunguza kazi kwa akili alianza kwa kuiongeza: aliumia kwanza kupinda waya, ndipo ndoo ikapanda kwa urahisi. Waswahili walikwisha kusema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mvivu hataki kuinama, naye hatafuti njia ya kuimaliza kazi, bali mtu wa kumwachia. Hicho ndicho kipimo kisichodanganya. Kazi iliyopunguzwa kwa akili hupungua kweli, na watu wote hupumzika; kazi iliyopunguzwa kwa uvivu haipungui hata kidogo, bali huhama bega moja ikapanda bega jingine. Karani apangaye majalada yake vizuri hupata barua kwa dakika moja, na bwana aliyekuja kuuliza habari yake hurudi nyumbani mapema. Karani ayasukumaye majalada kwenye meza ya mwenzake naye hupata nafasi ya kunywa chai, lakini yule bwana angali amekaa kwenye benchi.

Kwa kipimo hicho na ipimwe habari ya jinsi kunguru wa Kihindi alivyofika Afrika ya Mashariki. Hakuletwa kwa bahati mbaya. Katika miaka ya 1890 wakuu wa serikali ya Unguja waliona taka zimezidi mjini, nao wakakumbuka kwamba huko Bara Hindi kuna ndege alaye kila kitu. Wakaagiza kunguru waletwe wausafishe mji. Siku zile jambo hilo lilionekana kuwa akili kubwa: ndege hataki mshahara, wala ufagio, wala gari la kuzolea. Lakini taka hazikutupwa na ndege, zilitupwa na watu. Na kazi ya kuziondoa ilikuwa ya watu, ikahamishiwa mabawani. Kabla ya miaka 30 kupita mfagiaji huyo alikuwa amekwisha kuwa adui, na serikali ile ile ikawa inatoa malipo kwa watu wamwue na kuyakusanya mayai yake.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuzaana mno. Kunguru huyu ni msafiri. Huruka, na hata juu ya meli hupanda. Mwaka 1947 aliandikwa kwa mara ya kwanza kuwa ameonekana Mombasa. Tangu hapo ameishika pwani yote, na kwa njia ya barabara kuu amepanda bara hata Voi na kupita. Hasara yake si ndogo. Huyala mayai na makinda ya ndege wa nchi, na kwerea aliyesuka kiota chake kwa uhodari hurudi akakikuta kimepasuliwa. Mama mwenye kuku wanne uani huhesabu vifaranga asubuhi, na jioni hesabu hupungua. Muuza samaki hana budi kukaa na kipepeo mkononi kutwa nzima.

Watu wamejaribu kumpiga vita. Katika miaka ya 1990 mji wa Unguja uliwaua kunguru wengi sana kwa mitego na sumu, na idadi yao ikashuka hata watu wakashangaa ukimya. Kazi hiyo iliposimama, walirudi. Mwezi wa Juni 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza kwamba linakusudia kuwaondoa kunguru milioni 1 kabla ya mwaka huo kwisha, kwa kutumia sumu iitwayo Starlicide. Hata sumu hutaka subira mbele ya ndege huyu: hupewa kwanza nyama isiyo na dawa kwa siku kadhaa mpaka azoee mahali na kuacha wasiwasi, ndipo dawa itiwe. Wanaopigana naye hawamdharau, maana wanajua kwamba mbele yao pana akili.

Hapana shaka kazi hiyo inahitajiwa, na ndege wa nchi wanaingoja. Lakini mji usiwe na kosa lile lile la Unguja kwa mara ya pili. Hapo kale kazi ya ufagio ilikabidhiwa ndege. Sasa isije ikakabidhiwa sumu. Sumu humwua kunguru, haiondoi chakula chake. Mtu afungaye taka zake katika mfuko na kuzitupa pembeni mwa barabara usiku, asionekane, hudhani ameepuka taabu. Taabu hiyo imehama tu. Asubuhi kunguru ameupasua mfuko, mtoto wa jirani anakanyaga uchafu, na mfagiaji wa mji, aliyeamka saa moja na kunguru, anainama kuokota kile ambacho mwenye nacho aliona uzito kukipeleka pipani. Ajizi ni nyumba ya njaa, lakini katika Mombasa ajizi ya watu imekuwa nyumba ya kunguru, naye anakaa humo bila kulipa kodi.

Msafiri akizunguka mitaani kabla ya kurudi kwao, yafaa asimame kitambo mbele ya ua uliofagiwa, wenye pipa lililofunikwa vyema. Kunguru atashuka pale, maana hapiti mahali bila kupachungua. Atatua juu ya kifuniko, atageuza kichwa chake huku na huku, atadonoa mara moja au mbili. Hatakaa kupoteza wakati wake. Akiona hapana kitu, ataruka na kwenda kwa jirani. Na kama jirani naye amefunika pipa lake, ataruka tena.