Tela Halijulikani Ukiwa Kiti cha Kushoto

Shule ya kwanza ya madereva wengi wa malori waliotoka Kingolwira ni kiti cha kushoto, kile cha utingo. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam inapita hapa kwetu. Lori likishapimwa kwenye mizani ya Mikese linatupita, linaambaa na mashamba ya mkonge hadi Msamvu, na hapo ndipo safari zinapoachana: mengine yanashika njia ya Dodoma, mengine Mikumi, Iringa, Mbeya hadi Tunduma. Shaba ya Zambia na Kongo inarudi kwa njia hiyohiyo kwenda bandarini. Kijana akimaliza shule na mtaji hana, wakubwa humwambia, "Nenda kasimame na malori." Nami nilikwenda.

Kiti cha kushoto kilinifundisha mengi na sitakidharau hata siku moja. Nilijua kwa sikio injini inadai gia gani kabla dereva hajakanyaga klachi. Nilijua kugonga tairi kwa nyundo nikatambua kwa mlio kama la ndani limeisha upepo. Nilijua kufunga turubai mvua isipenye, kuwahi na gogo nyuma ya tairi lori likizima mlimani, na kulinda mzigo usiku kucha kwenye foleni ya Tunduma. Dereva wangu, Mluguru wa huku Matombo, mtu mzima aliyeheshimu kazi yake, hakumruhusu asiye na leseni kugusa usukani barabarani. "Mwanangu," aliniambia, "barabara si mahali pa kufundishana kwa siri. Katafute leseni." Nikachukua daraja D, nikawa naendesha gari dogo la mtu hapa na mjini, nikasubiri, maana anayetaka daraja E la magari makubwa anatakiwa awe amekaa na D kwa muda usiopungua miaka 3. Siku ya mtihani wa E ilipofika nilikuwa na hakika kwamba lori nalijua.

Na kwenda mbele nililijua. Kurudi nyuma ndiko kulikonikatalia.

Nimelifikiria sana jambo hili, kwa sababu limewakuta utingo wengi baada yangu na wote huona aibu kulisema. Angalia kazi ya utingo lori linaporudi kwenye ghala. Anateremka. Anasimama nyuma, upande ule ambao dereva haoni, anapiga bodi kwa kiganja na kuita: "Rudi, rudi, rudi… kata kulia kidogo… njoo… hapo hapo!" Safari nzima amekaa kebini akitazama kila kitu ambacho dereva anafanya, isipokuwa hicho kimoja. Inapofika rivasi yeye yuko chini, kwenye vumbi. Mkia wa tela anaujua kwa kuusimamia. Hajawahi kuuona ukihama ndani ya kioo cha pembeni. Mikono ya dereva inafanya nini wakati ule, hajui, kwa sababu hakuwepo. Nilikuwa nimeshuhudia malori yakirudishwa mamia ya mara, na sikuwa nimeona hata mara moja jinsi yanavyorudishwa.

Mtihani wenyewe ulikuwa na vipande vitatu. Cha kwanza ni kulizunguka lori na kueleza unachokagua na kwa nini. Hapa utingo ana raha. Nilieleza matairi, nati, taa, mabomba ya upepo, sahani ya kuungia tela na pini yake. Nikaeleza breki za upepo, ambazo watu wengi huzifikiria kinyume. Kwenye breki ya maegesho upepo haukabi tairi. Kinachokaba ni springi nzito iliyo ndani ya chemba, na upepo kazi yake ni kuizuia springi hiyo. Upepo ukivuja wote, springi inajiachia na tairi zinakabwa. Ndiyo maana lori lililolala usiku halijongei asubuhi mpaka kompresa ijaze mitungi, na ndiyo maana dereva anayeondoka huku taa ya upepo mdogo inawaka anachezea roho za watu. Mtahini alitikisa kichwa kukubali, tukaenda uwanjani.

Uwanjani palipangwa koni. Kwanza urudi moja kwa moja, kisha urudi huku ukiingiza tela kwenye kichochoro, kama unavyoingia ghalani. Mtahini alisimama na faili lake, hasemi. Hakukuwa na mtu nyuma wa kupiga bodi. Nilikata usukani upande niliotaka tela liende, kama ninavyofanya kwenye gari dogo, tela likaenda upande wa pili. Nikakata zaidi kulirekebisha, likakunja. Kichwa na tela vikatazamana. "Teremka, kijana," mtahini akasema, bila ukali. "Kajifunze, utarudi tena." Nilirudi, nikafeli. Nikarudi tena, safari hii nikiwa na hofu juu, na hofu huongeza spidi ya mikono. Kila marudio yalikuwa na gharama ya kukodi lori lenye tela, na fedha hiyo kwa utingo ni ya kula.

Ninachosema sasa wangenieleza siku ya kwanza ningeokoa fedha nyingi. Lori la semi linapinda mahali pamoja, pale kwenye sahani. Ukitaka mkia wa tela uende kushoto, usukani unaanza kulia. Kidogo tu. Mkia ukianza kuitika, unarudisha usukani, unaanza kulifuata tela lenyewe, kwa sababu pembe ile ikishafunguka inaendelea kukua hata usipoongeza kitu. Anayesubiri aione pembe kubwa kiooni ndipo arekebishe amechelewa. Kulirekebisha lililokunja kwa kuendelea kurudi haiwezekani. Unasonga mbele, unalinyoosha, unaanza upya. Kusonga mbele si aibu. Madereva wakongwe husonga mbele mara mbili tatu mbele ya ghala na hakuna anayewacheka.

Pulling ndiyo kazi nyingine kabisa. Pale lori lina bodi yake, na nyuma linavuta tela lenye ekseli ya mbele inayozunguka. Kuna sehemu mbili za kupinda, kwenye ndoano na kwenye ekseli ile, kwa hiyo kila unachofanya kinageuzwa, kisha kinageuzwa tena. Anayejua semi akipanda pulling kwa mara ya kwanza anarudi darasa la kwanza. Na hizi zote, semi na pulling, pamoja na lori dogo la kubeba mchanga wa Mto Ngerengere, kwetu zinaendeshwa kwa leseni moja ya daraja E.

Mkombozi wangu alikuwa trekta. Katika shamba moja la mkonge huku kwetu, matrekta huvuta tela za magurudumu mawili zilizojaa majani ya mkonge. Jamaa aliyekuwa akiendesha mojawapo alikuwa mtu wa mtaa wangu, na jioni kazi ikiisha, kwa idhini ya msimamizi wake, aliniachia eneo wazi karibu na karakana. Tela fupi lina hasira kuliko refu. Umbali kati ya ndoano na magurudumu ni mdogo, kwa hiyo ukikosea inchi moja linakunja palepale. Tela refu la semi linakupa nafasi ya kufikiri. Lile la trekta halikupi. Nilirudisha tela lile kati ya mitungi miwili ya maji hadi giza, jioni baada ya jioni, milima ya Uluguru ikizama kwenye ukungu upande wa kusini, na polepole mikono ikaacha kubishana na macho. Jamaa yule hakunifundisha kwa maneno mengi. Alikuwa na agizo moja: "Kaka, ukiwa huoni, simama. Shuka ukaangalie. Panda tena." Akanizoesha kuwa dereva na utingo wa nafsi yangu.

Agizo lile ndilo lililonipitisha. Niliporudi uwanjani nilirudi nusu, mkia ukafichika kiooni, nikavuta breki ya maegesho, nikashuka, nikaenda nyuma nikatazama koni zilipo, nikapanda nikamaliza. Mtahini aliandika kitu kwenye faili. Tukaingia barabarani kwa kipande cha tatu.

Kabla ya siku hiyo alikuwepo mtu mmoja wa pembeni aliyenifuata nje ya uwanja, akaniambia jambo langu linaweza "kumalizwa" bila kuhangaika na koni. Nilikuwa nimechoka, na fedha aliyotaja haikuwa kubwa kuliko ile niliyokuwa nimekwisha kuitumia. Nilikataa kwa sababu nilikuwa nimeshuka Kitonga nikiwa kiti cha kushoto. Anayetoka Iringa na shaba anaukuta mteremko ule kabla ya Ruaha Mbuyuni: kona, ukuta wa mwamba upande mmoja, korongo upande mwingine, na nyuma yako uzito unaoweza kufika tani 56, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019. Ukiutegemea mguu peke yake, dramu za breki zinapata moto, zinatanuka, na kilichokuwa kinazikaba hakizikabi tena sawasawa. Dereva wangu alikuwa anaingia kwenye gia ya chini tukiwa bado juu, tambarare, anawasha breki ya injini, anashuka na gia ileile ambayo angepandia. Harufu ya breki za malori ya wengine ilikuwa inatufikia hadi kebini. Mtu aliyeuziwa leseni anafika pale siku moja, na hakuna wa kumwambia teremka, kajifunze, utarudi tena.

Sisi wa Morogoro tuna sababu yetu pia. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakakimbilia petroli, moto ukalipuka, na waliofariki walizidi 100. Simhukumu dereva yule. Lakini kila nipitapo pale nikiwa na tela nyuma nakumbuka kwamba kosa la lori haliishii kwenye lori.

Kwa hiyo simlaumu mtahini aliyenifelisha, na sitaki mtihani ulegezwe. Ninachotaka ni tela lifundishwe na lipimwe peke yake. Wakenya wametenganisha: lori la kawaida lina daraja C, na lori zito lenye tela lina CE. Nchi za Ulaya zimefanya hivyo miaka mingi, kwa herufi hizohizo. Marekani, tangu Februari 2022, anayetafuta leseni ya lori kwa mara ya kwanza hawezi kuufikia mtihani wa vitendo kabla hajapitia mafunzo kwa mkufunzi aliyesajiliwa, na akipimwa kwenye gari la gia za kujiendesha, leseni inaandikwa kwamba gia za mkono haziruhusiwi. Daraja letu la E linamwamini mtu kwa vyote kwa mpigo. Kijana anaweza kufundishwa kwa lori fupi lisilo na tela, akapimwa kwa hilohilo, na kesho yake tajiri akamkabidhi semi aipeleke Tunduma. Leseni haidanganyi; imeandikwa E. Mkono wake ndio haujui.

Gharama ya kulitenga daraja la tela naijua, nimeilipa. Tela la kufundishia ni ghali, mafuta ni ghali, na uwanja mkubwa si kila chuo kinao. VETA wana chuo Kihonda, hapa hapa mjini, lakini vijana wanaotoka kwenye kiti cha kushoto wengi hawana ada wala ruhusa ya tajiri ya kukaa darasani. Hapo wenye malori wanaweza kusaidia bila kusubiri sheria ibadilike. Malori hukaa siku nzima yakingoja mzigo. Siku hiyo tela likiwa tupu, uwanja ukiwa umefungwa na dereva akisimamia, utingo akae kulia arudishe. Hakuna mzigo wa kuharibika, hakuna barabara, hakuna mtu wa kugongwa kama mmesimamia vizuri. Anapata jioni moja ile elimu ambayo mimi niliikosa safari zangu zote.

Tajiri wangu alikubali, baada ya kubishana. Utingo niliye naye sasa alipata daraja D mwaka jana, kwa hiyo E bado iko mbali. Tukisubiri mzigo, tunapanga mitungi uwanjani, namwachia usukani, nateremka mimi ninasimama nyuma. Sipigi bodi. Akitaka kujua mkia uko wapi, avute breki ya maegesho, ashuke aje auone mwenyewe. Semi amekwisha kuizoea. Mwezi ujao tunaazima pulling.