UINGEREZA SEHEMU YA 4: SOKO LA KRISMASI

Inboksi imejaa "dada sehemu ya nne iko wapi", haya ndiyo hii. Kwa wageni: mi ni nesi, nipo likizo, nimekuja kumwona mdogo wangu. Anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, Birmingham.

Jumamosi alitoka zamu ya usiku, akalala masaa matatu, akaamka. "Dada vaa makoti yote, twende sokoni." Tumefika saa kumi jioni, giza kama saa mbili usiku kwetu.

Soko linaanzia New Street mpaka Victoria Square, mbele ya jengo la halmashauri. Vibanda vya mbao, taa kila mahali, watu wamebanana kama Kariakoo wiki ya sikukuu, ila hakuna anayekuvuta mkono. Na kumbe asili yake siyo Uingereza, ni Ujerumani! Birmingham na Frankfurt ni miji dada tangu 1966, ndiyo maana wauzaji wengi ni Wajerumani. Soseji ni ndefu kuliko mkate wake. Lozi zinakaangwa na sukari. Halafu kuna mvinyo mwekundu wa moto wenye mdalasini na karafuu, yaani unapita pale unasikia harufu ya pilau la mama. Kikombe unawekea amana, ukikirudisha unapewa hela yako, kama chupa za soda zetu. Bei sisemi. Ukianza kupiga hesabu kwa shilingi hutakula kitu.

Tukafika kwenye mikate ya tangawizi yenye umbo la moyo, imeandikwa kwa sukari, ina utepe wa kuvaa shingoni. Mdogo wangu akasimama pale muda mrefu, watu wanampita.

Ana mtoto wa miaka sita, yuko Moshi kwa bibi yake. Kuanzia 11 Machi 2024 anayekuja kwa viza ya kuhudumia wazee haruhusiwi kuja na mume wala mtoto. Yeye aliingia baada ya hapo. Alijua, akaja, kwa sababu mnajua wenyewe hali. Basi la kazini linapita jirani na hilo soko, na Desemba iliyopita hakuwahi kushuka hata siku moja. Alichukua kila zamu iliyokosa mtu, ndiyo ikawa ada ya Januari.

Akanunua moyo mmoja. "Utampelekea. Mwambie avae kwanza tupige picha, ndiyo ale."

Mnaoniuliza njia ya kuja kulea wazee: tangu Julai 2025 waajiri hawaruhusiwi tena kuleta wahudumu wapya kutoka nje. Msitapeliwe, jamani! Sisi manesi njia bado ipo, kuna mtihani wa Kiingereza, wa kompyuta, na wa vitendo.

Akaniuliza, "Na wewe dada, utaifanya?" Nina wawili nyumbani, wa mwisho bado hajaanza shule. Nikamwambia ale soseji yake inapoa.

Kwenye basi alilala begani kwangu, saa mbili usiku alikuwa anaingia zamu. Mkate niliupakata mimi usivunjike. Sasa hivi uko ndani ya sanduku, nimeuviringishia sweta mbili.

Sehemu ya 5 ni Jumatano, nyumba ya wazee yenyewe.