Korja ya Boriti na Daftari la Duka

Katika visiwa vyetu vya Lamu, watoto wa nyumba za wakata mikoko huijua korja kabla ya kuijua dazeni. Korja ni miti 20. Baba akirudi msituni husema ameleta korja kadhaa za boriti na kadhaa za pau, nasi tulio jikoni huwa tumekwisha kupiga hesabu: deni la duka litapungua kiasi gani, na ada ya madrasa italipwa sasa au itangoja bamvua lijalo.

Twaandika haya kwa sababu habari za mikoko husemwa na wafanyabiashara, na maafisa, na watu wa mazingira. Ni nadra kusemwa na wanaobaki nyumbani wakiwalisha watoto hadi chombo kirudi.

Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Msituni humo hutoka fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila mti kwa unene wake na kazi yake. Fito na pau hushika kuta za udongo na mapaa ya makuti. Boriti hubeba dari na sakafu za ghorofa. Aliyepata kuingia nyumba ya mawe ya Mji wa Kale ameona jinsi vyumba vilivyo virefu na vyembamba: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Hata Uarabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu, nyumba nyingi ziliezekwa kwa miti ya pwani yetu. Majahazi yalikuja na kaskazi yakileta tende na mazulia, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kupeleka mikoko nje ya nchi, na tangu hapo tegemeo letu limekuwa soko la ndani, Lamu kwenyewe, Malindi na Mombasa.

Wanaume huondoka wamebeba unga, mchele na mapipa ya maji matamu, kwani huko waendako maji yote ni ya chumvi. Hukaa wiki mbili, pengine zaidi. Maji yakitoka hukata kwa shoka, kisha huibeba miti mabegani wakizama matopeni hadi magotini, na kungoja bamvua ili chombo kipate kuingia mkondoni kupakia. Siku zote hizo nyumba hula kwa daftari la mwenye duka. Nahodha na mabaharia, wapakiaji, mafundi wa mashua, wauza makuti, hata mama wa mahamri pale gatini, wote wana fungu lao ndani ya korja ile. Aliyeumwa na mbu ndiye mwenye fungu dogo. (Tulipata kuuliza bei ya boriti Mombasa siku moja, tukarudi kimya njia nzima.)

Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii nchi nzima, kwanza kwa siku 90, kisha ikaongeza muda. Hofu ilikuwa ni kukauka kwa mito na chemchemi za bara. Mikoko yetu, ambayo husimama ndani ya bahari, ikaingizwa katika amri ile ile. Mwezi Mei Ramadhani ikatukuta mashua zimepandishwa mchangani. Tulifuturu kwa uji na tende za sadaka. Mmoja wetu aliuza bangili ya mahari yake, akapokea bei ya mwenye shida. Mwenye duka hakutudai kwa sauti. Alikuwa akilifunga daftari tu tulipoingia, nasi tukaanza kupita uchochoro wa nyuma.

Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba walioihofia misitu hawakuwa na hoja. Kamba, kaa na samaki wachanga hukulia katika mizizi ya mikoko, na kitoweo chetu hutoka huko huko. Mchu ukikatwa huchipua. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyosimama kama miguu, ukikatwa shina hauchipui tena. Nafasi yake hungoja mbegu ianguke na ishike tope. Mkataji naye huchagua mti ulionyooka wenye kimo cha boriti, akauacha uliopinda. Msitu wa namna hiyo ukiutazama kutoka chomboni ni kijani kitupu, kumbe ndani hamna boriti. Wazee wetu walikata karibu na wakarudi mapema. Leo safari imekuwa ndefu, na unga tunaowafungia umeongezeka.

Kule Gazi, Kwale, tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja hulinda hekta 117 na kuuza hifadhi ya kaboni, na fedha zake zimeingia katika maji na shule za kijiji. Tunawapongeza. Lakini mikoko ya Lamu ni zaidi ya hekta 30,000, na familia zinazoila ni nyingi mno. Fedha kama hizo zikifika kwetu, atazipata aliyeweka shoka chini, au zitaishia kwa wajumbe wa kamati? Huko Mtangawanda, kisiwani Pate, wanawake wameingia topeni wenyewe kupanda miche, kazi ambayo tulifundishwa chuoni kuwa ni sadaka yenye kuendelea. Basi wanawake hao na waketi katika kamati pia. Na bei ya korja itajwe hadharani kabla ya vyombo kung'oa nanga. Na sehemu zilizochoka zipumzishwe kwa zamu, msitu mmoja baada ya mwingine, badala ya kufunga yote kwa siku moja na kufungua yote kwa siku moja.

Baada ya kilio kirefu Lamu iliruhusiwa kukata tena, na deni la Ramadhani ile tulilimaliza kidogo kidogo. Bangili haikurudi. Bamvua hili chombo kitaondoka baada ya swala ya alfajiri; unga umekwisha pimwa, na umeandikwa kwenye daftari.